Vidonge vya Manjano Vinavyouzwa Kama Kinga ya Kiharusi: Mapitio ya Bidhaa na Madai Yake

Bidhaa ninayoipitia hapa ni chupa ya plastiki yenye kapsuli 60 za kiini cha manjano kilichochanganywa na kiini cha pilipili manga, ambayo niliinunua kwa shilingi 55,000 katika duka la virutubisho jijini Dar es Salaam. Sitalitaja jina la mtengenezaji, kwa kuwa chupa za aina hii ni nyingi, zinafanana kwa viambato na kwa maneno yaliyochapwa juu yake, na ninayoyasema yanazihusu karibu zote. Kilichonifanya niichunguze kwa makini ni dai lililoandikwa ubavuni mwa boksi lake, kwamba antioksidanti za asili zilizomo, yaani kemikali zinazozuia uharibifu wa seli unaoletwa na oksijeni, huulinda ubongo usiharibiwe na kiharusi. Hilo ni dai zito kulitoa katika mji wetu. Utafiti wa jamii uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba katika eneo la Dar es Salaam lililochunguzwa watu wapatao 316 kati ya kila 100,000 hupata kiharusi kwa mara ya kwanza kila mwaka, baada ya kusawazisha tofauti za umri, ilhali wilayani Hai, Kilimanjaro, idadi ilikuwa karibu 109. Anayeisoma lebo hiyo, mara nyingi, ni mtu ambaye nyumbani kwake tayari kuna mzazi aliyepooza upande mmoja, na ambaye yuko tayari kutoa fedha yoyote aliyonayo.

Nianze na kilichomo. Kwa mujibu wa lebo, kila kapsuli ina miligramu 500 za kiini kilichosafishwa hadi kufikia asilimia 95 ya kurkuminoidi, yaani kurkumini na ndugu zake wawili wa karibu, pamoja na miligramu 5 za piperini, kemikali inayoipa pilipili manga ukali wake. Unga wa manjano wa jikoni una kurkumini ya takriban asilimia 3 tu ya uzito wake, kwa hiyo mtu anayemeza kapsuli mbili kwa siku, kama kikaratasi kinavyoelekeza, anaingiza mwilini kurkumini ambayo angeipata kwa kula zaidi ya gramu 30 za unga, kiasi ambacho hakuna mpishi anayeweza kukitia kwenye mchuzi na mchuzi ule ukalika. Jambo hili nataka lieleweke mapema, kwa sababu muuzaji aliniambia, kwa upole na kwa nia njema kabisa, "Dada, hii ni manjano tu, tumeila tangu utotoni, haiwezi kukudhuru." Tulichokula tangu utotoni kilikuwa kiungo, na kipimo kilichomo kwenye kapsuli hii ni cha dawa.

Kwa utengenezaji wake sina malalamiko makubwa. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa utandu, tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo vilisomeka, kapsuli zilikuwa kavu na hazikushikana. Nilipoifungua moja nilikuta unga laini wa rangi ya machungwa iliyokolea, wenye harufu hafifu kuliko manjano ya sokoni. Niliumimina kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu nikakoroga. Ulielea, ukajikusanya, kisha ukatua chini karibu wote, na maji yakabaki na rangi kidogo tu. Niliporudia kwa kijiko cha mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, rangi ilitoka mara moja. Jaribio hilo la jikoni halithibitishi usafi wa bidhaa, lakini linaonesha tabia ya kurkumini ambayo tutaihitaji mbele: haipendi maji, na mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji. Kilichokosekana kwenye boksi, na ambacho nilikitafuta pande zote, ni namba yoyote ya usajili kutoka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Bidhaa inayodai kuzuia ugonjwa uuao ilipaswa kuwa nayo.

Ili kulipima dai la boksi kwa haki, lazima tuingie ndani ya ubongo na kutazama kinachotokea saa ya kiharusi. Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 ya mwili mzima lakini hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote tunayovuta, na hauna ghala la kuhifadhia nishati. Donge la damu linapoziba mshipa mmoja, seli zilizo katikati ya eneo linalolishwa na mshipa huo hufa katika muda wa dakika. Daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria mwaka 2006 kwamba mgonjwa mwenye kuzibwa mshipa mkubwa hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika asipotibiwa. Hata hivyo, kuizunguka sehemu iliyokwisha kufa kuna ukanda mwingine ambao seli zake zimenyamaza, hazifanyi kazi, mgonjwa hawezi kuinua mkono wala kutamka neno, lakini seli hizo bado zi hai kwa sababu zinapata damu kidogo kutoka mishipa ya jirani. Tiba yote ya kiharusi cha kuziba, tangu dawa ya kuyeyusha donge ilipothibitishwa mwaka 1995 hadi mbinu ya kulivuta donge kwa mrija mwembamba iliyothibitishwa mwaka 2015, ni mbio za kuuokoa ukanda huo.

Hapo ndipo antioksidanti zinapopata nafasi yake katika hadithi hii, na nafasi hiyo ni ya kweli. Damu inaporudi ghafla kwenye seli zilizokuwa na njaa, mitokondria, vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, zikiwa zimevurugika hushindwa kuielekeza oksijeni mahali pake, elektroni huvuja, na badala ya nishati huzalishwa radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, ambazo hunyakua elektroni kutoka chochote kilicho karibu. Ubongo ni windo rahisi: una mafuta mengi ya aina ambayo huchacha upesi, kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi juani, una madini ya chuma yanayochochea uharibifu huo, na akiba yake ya vimeng'enya vya kujilinda ni ndogo ikilinganishwa na ya ini. Radikali hizi hutoboa kuta za seli, hukata nyuzi za DNA, na hulegeza ukuta wa mishipa unaochuja kinachoruhusiwa kuingia ubongoni, hadi maji yakapenya na ubongo kuvimba. Kwa hiyo wazo la kwamba kitu kinachozima radikali huru kingeweza kuuokoa ukanda wa pembezoni ni wazo la kisayansi kamili, na watu waliolifuata hawakuwa waganga wa mitaani.

Lakini walifika wapi? Mwaka 2006 kundi la watafiti lilichapisha orodha ya tiba 1,026 za kulinda ubongo zilizokuwa zimejaribiwa katika maabara, nyingi zikiwa zimepunguza ukubwa wa jeraha kwenye ubongo wa panya. Kati ya hizo, 114 zilikuwa zimefikishwa kwa wagonjwa, na hakuna hata moja ya kulinda seli iliyotoka hapo ikawa tiba ya kawaida duniani. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha NXY-059, dawa ya kunasa radikali huru iliyotengenezwa kwa ustadi na kampuni ya AstraZeneca, na iliyopitia masharti magumu ya majaribio ya wanyama kuliko karibu zote zilizoitangulia. Jaribio la kwanza kubwa, lililochapishwa mwaka 2006, lilionesha nafuu ndogo katika ulemavu, na wengi walishangilia. Jaribio la pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,300, lilichapishwa mwaka uliofuata, na nafuu ile haikuonekana kabisa. Dawa iliachwa. Hiyo ilikuwa dawa ya sindano, iliyotolewa hospitalini ndani ya saa sita tangu dalili zianze, kwa kipimo kilichohakikishwa kwenye damu ya mgonjwa. Kapsuli yetu ya manjano haina hata kimoja kati ya hivyo.

Kurkumini yenyewe imepitia njia ile ile ya maabara. Panya ambao mshipa wa ubongo wao ulizibwa kwa makusudi, kisha wakapewa kurkumini kwa sindano, walipata majeraha madogo zaidi na walitembea vizuri zaidi kuliko wenzao. Siyatilii shaka matokeo hayo. Ninachokitilia shaka ni daraja ambalo watengenezaji wa vidonge wanalivuka kana kwamba limekwisha kujengwa. Panya wa maabara kwa kawaida ni mchanga na mzima wa afya, mtafiti anaijua dakika ambayo mshipa ulizibwa, dawa inaingizwa moja kwa moja mwilini bila kupita tumboni, na jeraha linapimwa baada ya siku chache. Mgonjwa wetu ni bibi wa miaka 68 mwenye presha ya miaka mingi na pengine kisukari, ambaye alikutwa sakafuni asubuhi na hakuna ajuaye aliangukia hapo saa ngapi. Na linalohesabika kwake ni kama baada ya miezi mitatu ataweza kwenda msalani bila kushikwa mkono.

Haki inanitaka niseme pia kwamba mlango haujafungwa. Nchini Japani, edaravoni, dawa ya kuzima radikali huru, imeruhusiwa kutumika kwa kiharusi cha kuziba tangu mwaka 2001. Nchini China, mchanganyiko wa edaravoni na borneoli, kemikali inayopatikana katika mimea ikiwamo ya jamii ya mkafuri, ulijaribiwa kwa wagonjwa 1,165 walioanza tiba ndani ya saa 48, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kwamba asilimia 67 ya waliopewa mchanganyiko walibaki bila ulemavu wa maana baada ya siku 90, dhidi ya asilimia 59 ya waliopewa edaravoni peke yake. Kemikali nyingine, butilifthalidi, ambayo asili yake ni mbegu za figili za majani (seleri) zinazotumika kwenye supu, imekuwa dawa rasmi huko China tangu mwaka 2002; jaribio la wagonjwa 1,216 lililochapishwa mwaka 2023 lilikuta asilimia 56.7 ya walioitumia wakiwa na hali nzuri baada ya miezi mitatu, ikilinganishwa na asilimia 44 ya waliopewa dawa isiyo na kitu. Takwimu hizo zinatia moyo na ningependa kuziona zikirudiwa kwa wagonjwa wa mataifa mengine, wakiwamo wa Afrika, ambako viharusi vya kuvuja damu, yaani vya mshipa uliopasuka, ni sehemu kubwa zaidi kuliko katika mataifa mengi mengine. Lakini wagonjwa wa jaribio hilo la pili walikuwa wamefika hospitalini ndani ya saa sita na wote walipata pia tiba ya kufungua mshipa. Mmea ulitoa molekuli. Molekuli ikasafishwa, ikapimwa, ikawa dawa ya hospitali. Hakuna jaribio la namna hiyo kwa wagonjwa wa kiharusi linaloitetea chupa iliyo mbele yangu.

Kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi kina jedwali la kuvutia linalolinganisha uwezo wa manjano, karafuu, mdalasini na matunda mbalimbali wa kuzima radikali huru, kwa kipimo kinachoitwa ORAC. Karafuu, ambayo ni fahari ya Unguja na Pemba, imewekwa juu kabisa. Kipimo hicho hufanyika ndani ya chombo cha maabara, na Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyokuwa ikichapisha hifadhidata yake, iliiondoa mwaka 2012 ikieleza kwamba namba zile hazina uhusiano na yanayotokea mwilini na kwamba zilikuwa zikitumiwa vibaya na watangazaji wa vyakula na virutubisho. Kuendelea kulichapa jedwali hilo miaka mingi baada ya chanzo chake kulifuta ni jambo linalonikera, maana msomaji wa kawaida hana namna ya kujua.

Kuna watakaosema kwamba, hata kama vidonge havimponyi aliyekwisha kupata kiharusi, vinaweza kumkinga ambaye hajakipata. Swali hilo limeulizwa kwa antioksidanti maarufu zaidi, na limejibiwa kwa majaribio makubwa kuliko dawa nyingi zinavyopata. Nchini Uingereza watu 20,536 waliokuwa katika hatari walipewa kwa miaka mitano ama vitamini E, vitamini C na betakarotini kwa pamoja, ama vidonge visivyo na kitu. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba viharusi havikupungua. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walifuatiliwa, na mwaka 1994 ikaonekana kwamba waliotumia vitamini E walikufa zaidi kwa kiharusi cha kuvuja damu, na waliotumia betakarotini walipata zaidi saratani ya mapafu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya majaribio tisa yenye watu 118,765, ulikuta vitamini E ikipunguza viharusi vya kuziba kwa asilimia 10 na kuongeza vile vya kuvuja damu kwa asilimia 22. Viharusi vya kuvuja ni vichache kwa idadi lakini huua zaidi. Namba hizo hazihusu manjano, na sitaki kuzilazimisha zihusu, lakini zinatosha kuivunja dhana iliyojificha nyuma ya biashara hii yote, kwamba antioksidanti ikizidi mwilini haiwezi kuleta dhara.

Sasa turudi kwenye piperini, kwa maana hapa lebo imesema kweli na ukweli huo ndio unaonitia hofu. Inadai kwamba pilipili manga huongeza ufyonzwaji wa kurkumini mara 20. Utafiti wa mwaka 1998 uliofanyika India kwa watu waliojitolea ulikuta hivyo hasa: gramu 2 za kurkumini zikimezwa peke yake karibu hazikuonekana kwenye damu, na zikimezwa pamoja na miligramu 20 za piperini kiwango kilipanda kwa asilimia 2,000, kwa muda mfupi, kisha kikashuka. Mara ishirini ya kitu kidogo mno bado ni kidogo, na kapsuli yetu ina robo tu ya piperini iliyotumika katika utafiti huo. Hata kapsuli mbili hufikia nusu yake. Ila jambo la kuuliza ni piperini inafanyaje kazi hiyo. Inafanya kwa kuvichelewesha vimeng'enya vya utumbo na ini ambavyo kazi yake ni kuzivunja kemikali ngeni, na vimeng'enya hivyo havichagui. Vinavunja pia dawa za hospitali. Tafiti kwa binadamu zimeonesha piperini ikipandisha kiwango cha propranololi, ambayo hutumika kwa presha, na cha fenitoini, ambayo hupewa wagonjwa wenye degedege, wakiwamo baadhi ya waliopata kiharusi. Fenitoini ina nafasi finyu sana kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinacholevya. Mgonjwa aliyezidiwa nayo huyumba, huona maruweruwe na hushindwa kuongea vizuri, na familia inaweza kudhani ni kiharusi kingine.

Pia kurkumini, kwa kipimo kikubwa, ina tabia ya kupunguza kugandamana kwa chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, jambo ambalo kwa mtu mwenye afya linaweza kupita bila kuonekana. Aliyekwisha kupata kiharusi cha kuziba huwa tayari ameandikiwa aspirini au klopidogreli, ambazo nazo huzuia chembe hizo, na mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huenda anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayopimwa kwa damu kila baada ya muda ili isizidi wala kupungua. Kumwongezea chupa hii bila daktari kujua ni kumsogeza karibu na kuvuja damu, na kwa aliyepata kiharusi cha kuvuja tangu mwanzo ni hatari isiyo na faida yoyote upande wa pili. Aidha, taarifa za watu walioumia ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, hasa vyenye piperini, zimepokelewa Italia tangu mwaka 2019 na Australia baadaye, kiasi cha mamlaka za huko kutoa tahadhari. Visa ni vichache ukilinganisha na watumiaji, lakini kwenye lebo yangu hapakuwa na neno hata moja kuhusu ini, wala wafarini, wala mama mjamzito, wala upasuaji. Pale ambapo maonyo yangekaa palikuwa na picha ya ubongo unaong'aa.

Nimeacha mwisho sentensi ya kikaratasi ninayoiona mbaya kuliko zote. Inashauri kwamba dalili za kiharusi zikianza, mgonjwa apewe kapsuli nne mara moja na apumzike. Ushauri huo unaweza kuua. Mtu ambaye uso wake umepinda ghafla, mkono umekosa nguvu au maneno yamekorogeka, mara nyingi pia hawezi kumeza sawasawa. Kapsuli na maji vinaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia, ambayo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wagonjwa wa kiharusi. Kupumzika kunazimaliza zile saa nne na nusu ambazo ndani yake dawa ya kuyeyusha donge inaweza kutolewa katika hospitali yenye uwezo huo. Tena hakuna mtu nyumbani, hata akiwa daktari bingwa, anayeweza kujua kwa macho kama mshipa umeziba au umepasuka. Ni picha ya ndani ya ubongo pekee, ya CT au ya MRI, inayotofautisha, na tiba ya moja ni sumu kwa nyingine. Mgonjwa asipewe chochote mdomoni, alazwe ubavu ikiwa amepoteza fahamu, saa ambayo alionekana mzima kwa mara ya mwisho ikumbukwe, na apelekwe hospitali kubwa iliyo karibu kwa chombo chochote kitakachopatikana.

Kuhusu thamani ya fedha, chupa moja huisha kwa mwezi. Utafiti mkubwa wa INTERSTROKE, uliofanyika katika nchi 32 na kuchapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba sababu kumi zinazoweza kurekebishwa zinabeba takriban asilimia 90 ya mzigo wa viharusi, na shinikizo la juu la damu peke yake likabeba karibu nusu. Dawa za presha za kawaida, kama amlodipini, huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya chupa hii, na kupima presha katika vituo vingi vya afya hakuhitaji zaidi ya kukaa kwenye foleni. Nimewaona watu wa karibu wakiacha vidonge vya presha kwa sababu "ni vya kemikali" na kuhamia kwenye chupa ya namna hii kwa sababu "ni vya asili", na gharama ya uamuzi huo huonekana baada ya mwaka au miwili, wakati kitanda kimehamishiwa sebuleni.

Kwa anayetaka msaada wa mimea, na hamu hiyo naiheshimu kwa kuwa ni sehemu ya maisha yetu ya Pwani, kuna vitu vyenye ushahidi ulio imara kuliko kapsuli hii, navyo vinalinda ubongo kwa kupitia mishipa na presha. Rosela, ambayo Dodoma huitwa choya, ilijaribiwa Boston kwa watu wazima 65 wenye presha iliyopanda kiasi. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita walishuka kwa wastani wa pointi 7.2 katika namba ya juu, na waliokunywa kinywaji cha kulinganishia walishuka kwa pointi 1.3. Iwe bila sukari nyingi, na anayetumia dawa za presha amweleze daktari wake. Na nje ya mimea, nchini China, katika vijiji 600, kubadili chumvi ya kawaida kwa chumvi iliyopunguzwa sodiamu na kuongezwa potasiamu kulipunguza viharusi kwa asilimia 14 miongoni mwa watu karibu 21,000, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2021. Chumvi hiyo haiwafai wenye ugonjwa wa figo, lakini kwa wengine ni badiliko linalofanyika ndani ya kikopo cha jikoni. Sijui kirutubisho chochote cha antioksidanti kinachoweza kujivunia namba hiyo.

Na manjano yenyewe? Iendelee kukaa jikoni. Ninapendelea kununua mizizi mizima, ya Zanzibar, Morogoro au Muheza, na kuikausha na kuitwanga nyumbani, kuliko unga uliokwisha sagwa usiojulikana ulipotoka. Sababu yangu si ushamba. Mwaka 2019 watafiti walibainisha kwamba nchini Bangladesh baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiipaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae, na risasi huumiza ubongo wa mtoto na hupandisha presha ya mtu mzima. Serikali ya huko ilichukua hatua, na sampuli za sokoni zenye risasi zikashuka kutoka asilimia 47 hadi kutoonekana kabisa mwaka 2021, jambo linaloonesha kwamba ukaguzi ukifanywa kwa dhati unazaa matunda. Mtengenezaji wa kapsuli zangu hakuambatisha cheti chochote cha kupimwa madini mazito, na nilipomwuliza muuzaji alinionesha tena picha ya ubongo.

Uamuzi wangu basi ni huu. Kwa mtu mzima mwenye afya, asiyetumia dawa yoyote, asiye na tatizo la ini wala mawe ya nyongo, na anayeitaka kwa sababu nyingine, bidhaa hii pengine haitamletea shida kubwa, ingawa bei yake sioni inalipia nini. Kwa mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au historia ya kiharusi, yaani yule hasa ambaye boksi linamlenga, siipendekezi, na kama tayari anaitumia aipeleke chupa yenyewe kwa mfamasia au daktari pamoja na orodha ya dawa zake zote, bila kuona haya. Kwa wauzaji ninaomba jambo moja ambalo liko ndani ya uwezo wao leo: kukitoa kikaratasi kile kwenye kila boksi kabla ya kulikabidhi kwa mnunuzi. Kwa mamlaka zinazohusika, dai la kuulinda ubongo dhidi ya kiharusi liondolewe kwenye lebo hadi aliyeliandika atakapoleta majaribio ya binadamu yanayolithibitisha, na ushauri wa kapsuli nne uondolewe sokoni mara moja bila kusubiri lolote.